Chakula Kinaharibika Nyumbani: Soma Dalili, Tafuta Chanzo

Kabla ya kumlaumu aliyepika au aliyekwenda sokoni, angalia ndoo ya taka. Chakula kinachotupwa huwa na hali yake: kimechacha, kimeota ukungu, kimenyauka, kimetobolewa, kimechipua, au kimebaki sahanini kikiwa kizima kabisa. Kila hali ina chanzo chake. Mchicha ulionyauka na mchicha unaoteleza, kwa mfano, umeharibika kwa sababu mbili zinazopingana, na dawa ya mmoja ndiyo inayoumaliza mwingine. Kwa hiyo kwa muda wa wiki moja, kila unapotupa kitu, jiulize kwanza kilikuwa katika hali gani. Hapo utajua uanzie sehemu ipi ya mwongozo huu.

Wengi wetu tunadhani kutupa chakula ni tabia ya matajiri. Ripoti ya mwaka 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, inasema vingine. Mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani kutoka majumbani, migahawani na madukani, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Wastani wa kinachotupwa majumbani ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, ingawa hesabu hiyo inajumlisha maganda na mifupa. Tofauti kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati ngazi ya chini ni kama kilo 7 tu. Ripoti hiyo imeona pia kwamba nchi za joto zinaelekea kutupa zaidi majumbani. Anayepika Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hilo halimshangazi. Joto ndilo mhusika wa kwanza, na ndiyo maana tunaanza nalo.

Wali au maharage yamechacha kabla ya asubuhi

Ukifunua sufuria harufu ya uchachu inakupokea. Maharage yana povu jembamba juu, mchuzi unavutika ukiinua mwiko, wali unateleza vidoleni. Lawama huwa ni kwa mfuniko au kwa mtoto aliyechovya mkono. Mkono mchafu unachangia kweli, lakini chanzo kikubwa ni chakula kupoa taratibu mno.

Bakteria huzaana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Chukua sufuria kubwa ya maharage iliyoepuliwa saa mbili usiku, ikafunikwa na kuachwa mezani. Pembeni itaonekana imepoa, lakini ingiza mwiko katikati usiku wa manane na utakuta bado ina vuguvugu. Muda wote huo chakula kimekaa katika joto ambalo vijidudu wanalitaka. Na kuchemka hakukuwaua wote. Yupo bakteria anayeitwa Bacillus cereus, mwenyeji wa wali hasa, ambaye hujihifadhi katika spora ngumu zinazostahimili maji yanayochemka, kisha huamka wali ukiwa vuguvugu. Sumu yake ya kutapisha haivunjwi kwa kupasha moto. Wali uliochacha hauokolewi kwa kuukaanga na vitunguu, hata kama harufu itafichika.

Tiba ni kupooza haraka. Mkishamaliza kula, kilichobaki kitoke kwenye sufuria. Wali utandaze kwenye sinia au bakuli pana, kina kisizidi vidole vitatu. Maharage na mchuzi, weka chombo ndani ya beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji yakipata joto. Ndani ya saa mbili kiwe kimeingia kwenye friji. Hakuna haja ya kungoja kipoe kabisa. Vuguvugu kidogo katika chombo kifupi haliwezi kuliumiza friji, ila sufuria zima la moto litapasha joto kila kilichomo.

Hotpoti nayo inaponza wengi. Ni chombo kizuri cha kutunza chakula cha moto kwa saa chache hadi wa kazini arudi. Lakini hotpoti haipashi, inachelewesha tu kupoa, na chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 humo ndani kinabaki kwenye vuguvugu lile lile tunalolikimbia. Wali usilale kwenye hotpoti.

Huna friji? Basi siri iko kwenye kuunga. Maharage yaliyochemshwa matupu, kwa maji na chumvi, yanavumilia kuliko yaliyoungwa kwa nyanya, vitunguu na tui la nazi. Tui ndilo la kwanza kuchacha. Chemsha matupu, toa ya mlo huu uyaunge, yaliyobaki yachemshe tena jioni na asubuhi, yatokote kweli kweli, bila kuchovya mwiko uliotoka kwenye chakula kingine. Hata mwenye friji ningemshauri afanye hivyo: maharage matupu yaliyogandishwa katika vikopo vya mlo mmoja mmoja yanaokoa chakula pamoja na mkaa au gesi.

Kiporo kikitoka kwenye friji, toa kile tu kitakacholiwa na ukipashe hadi kitoe mvuke katikati. Kupasha sufuria nzima, kula vijiko vinne na kuirudisha ndiko kunakoua kiporo siku ya pili. Wali uliopozwa vizuri unafaa kwa chai ya asubuhi, au kukaangwa na yai na karoti. Ugali uliolala, ukate vipande uchome au ukaange hadi uwe na rangi.

Friji ipo, lakini vitu vinaharibika humo humo

Hapa vyanzo ni vingi, na vingine havionekani kwa macho.

Anza na namba. Katika friji nyingi kile kitufe cha namba hakionyeshi nyuzi joto. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ubaridi unavyoongezeka. Nyumba nyingi zimeweka namba 1 zikidhani ndiyo baridi kuliko zote. Ndani ya friji panatakiwa pawe nyuzi 5 au chini yake, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipimajoto cha friji ni kitu kidogo na kinafaa kuwa nacho.

Kisha mpira wa mlango. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, nusu ndani nusu nje, halafu kivute. Kikitoka bila kukwama, baridi nayo inatoka hapo hapo. Rudia pande zote nne. Mpira mchafu, osha kwa maji ya sabuni. Uliopasuka, badilisha, fundi friji anao.

Angalia nyuma: friji iliyobanwa ukutani, waya zake za nyuma zikiwa zimejaa vumbi, haiwezi kutoa joto. Angalia ndani: ikijazwa hadi hewa haizunguki, vilivyo mbele vinaharibika huku vya nyuma vikiganda. Maziwa hayakai mlangoni, hapo ndipo penye joto kuliko kote. Nyama mbichi ikae chini kabisa isije ikadondokea chakula kilichoiva.

Halafu kuna jambo la umeme. Wapo wanaozima friji usiku ili uniti za LUKU zidumu. Sababu yao ninaielewa, lakini silikubali zoezi lenyewe. Friji iliyofungwa inatunza ubaridi kwa kama saa 4 tu. Baada ya hapo chakula kinaingia kwenye joto la hatari kila usiku, na asubuhi mota inafanya kazi ya ziada kurudisha kilichopotea. Uniti unazookoa zinarudi kwa njia ya maziwa yaliyopasuka na nyama iliyobadilika harufu. Kagua mpira, yeyusha barafu nene kwenye friza, isogeze kutoka ukutani, acha kufungua mlango ukiwa bado unafikiria unataka nini. Hapo ndipo uniti zinapookolewa.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa inatunza ubaridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Ndiyo maana ni vizuri kujaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji. Na kama mnasafiri, fanya hivi: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, acha ndani ya friza. Mkirudi mkaikuta sarafu juu, friza haikuyeyuka. Ikiwa imezama hadi chini, barafu iliyeyuka yote ikaganda tena, na nyama iliyomo inaonekana salama wakati siyo.

Mboga za majani: zimenyauka au zinateleza?

Zilizonyauka zimekosa maji. Zinazoteleza na kunuka zimezidiwa maji na kukosa hewa.

Fungu la mchicha kutoka gengeni limefungwa kwa kamba, limenyunyiziwa maji tangu asubuhi, na majani ya katikati yamebanwa. Ukilitupia hivyo hivyo kwenye friji, kesho yake katikati kumeshaanza kuoza. Kata kamba, chambua majani yaliyovunjika na yenye madoa, kung'uta maji. Usioshe hadi utakapopika. Funga kwa gazeti au kipande safi cha khanga kuukuu kilicholowana kidogo tu, kisha weka sehemu ya chini ya friji. Bila friji, mchicha wenye mizizi usimamishe kwenye kikombe cha maji, kivulini, na upikwe siku hiyo au kesho yake.

Uliokwisha nyauka bila kuoza bado ni chakula. Uloweke kwenye maji baridi kwa nusu saa na majani mengi yatasimama tena.

Mboga zikiwa nyingi kuliko uwezo wa kuzila, kumbuka wanachofanya watu wa Dodoma na Singida siku zote: chemsha kidogo, anika kivulini penye hewa, hifadhi kavu. Kivuli ni muhimu, kwa sababu jua kali linaondoa vitamini A. Kwa viazi vitamu, Tabora na Shinyanga wana michembe, yaani vipande vibichi vilivyoanikwa, na matobolwa, yaani vilivyochemshwa kisha kuanikwa, vinavyokaa miezi. Haya ni maarifa kamili ya kuhifadhi chakula, na mjini tumeyaacha bila sababu ya maana.

Sado ya nyanya imeoza nusu

Chanzo hiki hakiko jikoni. Kiko sokoni. Sado ni nafuu kuliko fungu, hilo kweli, lakini nusu yake ikioza kila nyanya uliyokula umeilipia mara mbili. Kabla ya kununua kwa jumla, jiulize kama nyumba yako inamaliza kiasi hicho kwa siku nne au tano. Kama haimalizi, gawaneni na jirani hapo hapo sokoni.

Ukifika nyumbani, zimwage zote mezani na uzigawe: zilizopasuka au kubonyea zinapikwa leo, zilizoiva ni za kesho na keshokutwa, zenye kijani zinangoja. Zipange safu moja, sehemu ya kikonyo ikiangalia chini, zisigusane kama nafasi inaruhusu. Nyanya moja iliyopasuka ikikaa chini ya ndoo, maji yake yanaambukiza zote. Friji iwe ya zile zilizokwisha iva kabisa, maana baridi kali inazuia zile ngumu kuiva na kuzipotezea ladha.

Msimu wa bei ya chini ukifika, saga, chemsha hadi maji yakauke, tia mafuta kidogo, gandisha kwenye vikopo vidogo. Bei ikipanda utakuwa na akiba yako.

Matunda yote yameiva siku moja

Maembe, ndizi, mapapai na parachichi yakianza kuiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inayaivisha yaliyo jirani. Bakuli la matunda lililopangwa vizuri mezani ndilo linaloivisha kila kitu kwa pamoja. Tenganisha mabichi na yaliyoiva, na usiweke ndizi mbivu karibu na mboga za majani, zitageuka njano. Ukitaka la kesho liive upesi, lifunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu. Parachichi likishaiva liingie kwenye friji. Ndizi iliyoiva kupita kiasi iponde, changanya na unga wa maandazi. Maembe mabichi yanayoanguka kabla ya wakati ni ya achari.

Viazi vimechipua, vitunguu vimelainika

Vimewekwa pamoja, kwenye mwanga, au kwenye mfuko usiopitisha hewa. Viazi vinataka giza na ubaridi kiasi. Vitunguu vinataka ukavu na hewa, vining'inizwe kwenye wavu. Kiazi kilichochipua kidogo, toa chipukizi na umenye. Kilichogeuka kijani kimetengeneza solanini, yenye uchungu na sumu: kata sehemu hiyo kwa kina, na ikiwa kijani kimeenea, kiache.

Unga una uchungu, mchele una wadudu

Unga wa dona ukipata uchungu, mara nyingi ni mafuta ya kiini cha hindi yaliyoharibika kwa joto na hewa. Sembe haisumbui hivyo kwa sababu kiini kimeondolewa. Anayependa dona, na ndiyo yenye lishe zaidi, asage kidogo kidogo, unga wa wiki mbili au tatu, badala ya debe zima.

Wadudu mara nyingi wanaletwa nyumbani wakiwa mayai ndani ya punje. Mchele wenye fukusi wachache, pepeta kwa ungo, chagua na uutumie. Unga unaweza kukaa kwenye friza kwa siku 4, mayai yanakufa. Kosa la kawaida ni kumwaga mpya juu ya wa zamani: wa chini hauishi, na wadudu wake wanahamia juu. Maliza ndoo, ioshe, ikaushe kabisa, ndipo ujaze.

Kwa mwenye gunia la mahindi kutoka shamba, adui mkubwa ni dumuzi, anayesaga punje hadi vumbi na kula hata makopa ya muhogo. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inamshinda, kwa kuwa wadudu humaliza oksijeni iliyomo na kufa. Lakini mahindi yawe makavu kwanza. Kipimo cha nyumbani kipo: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi, funga, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, unyevu wake umepita asilimia 15. Yarudishwe juani, juu ya turubai.

Chakula kizuri kimebaki sahanini

Hakuna kilichooza hapa. Chanzo ni jinsi tunavyopika na kupakua, na kwetu sababu zake zina heshima: mgeni anaweza kubisha hodi, na hakuna anayetaka aonekane amepima chakula cha watu. Sipendekezi heshima hiyo iachwe. Napendekeza kingi kibaki kwenye sufuria na kidogo kipakuliwe, mtu aongezewe. Kilichobaki kwenye sufuria bila kuguswa ni kiporo safi. Kilichobaki sahanini kimechanganyika na mate na mchuzi, kazi yake imekwisha. Kwa mtoto, vijiko viwili kwanza, kisha vingine viwili.

Pima mchele kwa kikombe kilekile kila siku na uangalie kinachobaki. Robo kilo ya mchele mkavu ikiiva inafika karibu robo tatu ya kilo ya wali. Ukiona kila jioni kinabaki kiasi cha sahani moja, punguza nusu kikombe kesho.

Mwezi wa Ramadhani tatizo hili linakuwa kubwa zaidi. Aliyefunga akipanga futari saa kumi jioni anapanga kwa njaa: uji, tambi, viazi vitamu, muhogo wa nazi, magimbi, maharage, samaki, juisi mbili. Adhana ikiadhiniwa, tende na uji vinaijaza nusu ya tumbo. Qurani inakataza israfu katika kula na kunywa, na nyumba nyingi zinaijua aya hiyo kwa moyo. Njia ninayoiona inafanya kazi ni kupanga futari ya kesho usiku wa leo, baada ya kula, na kupika vitu viwili vizito badala ya vitano. Vya nazi vipikwe vya kumalizika. Kilichokauka kama muhogo wa kuchoma au chapati kinafika daku bila taabu.

Kisichookolewa

Kupunguza upotevu hakumaanishi kula kila kitu. Mkate laini wenye doa la ukungu, utupe wote, kwa kuwa nyuzi za ukungu zimeshapenya usipopaona. Samaki mwenye macho yaliyozama na nyama inayobaki na shimo ukibonyeza, ndimu na chumvi havimrudishi.

Na zaidi ya vyote, mahindi na karanga zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, haionekani wala haina ladha, na haiondoki kwa kupika ugali. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walifariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara. Kwenye mahindi makavu, chagua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu na uzitenge kabla ya kusaga. Rundo lililoota ukungu kwa wingi lisisagwe kabisa. Wala asilishwe kuku au ng'ombe kwa kuonea huruma hasara, maana sumu hiyo inapita hadi kwenye maziwa ambayo watoto watayanywa. Lifukie, mbali na mifugo.